Wati ya Kwanza

Fundi wangu wa Kariakoo hatumii muziki anapojaribu spika. Hutafuta redioni mtu anayesoma taarifa ya habari, akapunguza sauti mpaka ikawa sawa na ya mtu aliyeketi upande wa pili wa meza, kisha akainamisha kichwa na kufumba macho. Siku ya kwanza nilipomkuta hivyo nilingoja kwa adabu taarifa imalizike, maana alionekana kujali sana yaliyokuwa yakisomwa. Ilipokwisha nikamuuliza kwa nini asiweke wimbo.

"Mwanangu," akaniambia, "ala ya kanuni iliyo kwenye wimbo hukuwapo ikipigwa. Utajuaje kama ndivyo ilivyolia? Lakini sauti ya mtu unaijua tangu hujazaliwa."

Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba huko Kingswood Warren, jumba kubwa la mashambani katika jimbo la Surrey, Uingereza, ambako BBC ilikuwa na idara yake ya utafiti, wahandisi walikuwa na desturi hiyo hiyo. Mtu alizungumza, nao wakamsikiliza kwa masikio matupu. Halafu wakaisikiliza sauti yake ikitoka kwenye spika, wakarudi tena kwake, wakarudi tena kwenye spika. Walikuwa na vyombo vya kupimia vya kila aina, na walivitumia, lakini spika ambayo grafu zake zilipendeza huku msomaji wa habari akisikika kama anasemea ndani ya mtungi ilirudishwa mezani ikaanzwe upya.

Mzee wangu wa Kariakoo hajapata kufika Surrey. Nadhani hekima hii huzaliwa kwa kila mtu anayekaa na spika muda wa kutosha.

Mimi naishi Upanga, ghorofa ya tatu, katika nyumba ambayo ukuta wa sebule yangu ndio ukuta wa chumba cha kulala cha jirani. Muda wangu wa kusikiliza ni baada ya saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala na mtaa umeanza kutulia. Kwa hiyo maisha yangu yote ya muziki ni ya sauti ndogo. Wapo wanaoona kusikiliza kwa sauti ndogo ni kusikiliza nusu, kama chai iliyozidishwa maji. Nimeishi nako miaka thelathini, na naamini ni ufundi kamili unaojitegemea, wenye mahitaji yake na vyombo vyake, na uzuri ambao sauti kubwa haiwezi kuutoa.

Chombo kilichonifundisha hayo ni jozi ya spika ndogo alizorudi nazo mjomba wangu kutoka London mwaka 1994. Zilikuwa zimefungwa kwenye mablanketi mawili ndani ya sanduku la nguo. Kila moja ina kimo cha sentimita 30, upana wa 19 na kina cha 16, na uzito wake wa kilo tano hivi unamshangaza kila anayeinyanyua akidhani ni kasha tupu. Nyuma pana kibati kilichoandikwa LS3/5A, namba ya spika, na ukinzani wake, omu 15.

Jina hilo ni anwani ya kazi. LS ni spika kwa kifupi cha Kiingereza. 3 ni fungu la vyombo vya matangazo ya nje ya studio. 5 ni namba ya muundo. A ni masahihisho. BBC ilihitaji spika ya kuwekwa ndani ya magari ya matangazo, yale yanayoegeshwa nje ya kumbi na viwanja, ambamo fundi wa sauti hukaa amebanwa kati ya mitambo na ukuta wa bati. Spika kubwa haiingii humo. Vipokea sauti vya masikioni navyo havimpi mtu picha ya kweli ya sauti itakavyosikika sebuleni kwa msikilizaji. Palitakiwa kitu kidogo, cha kukaa karibu na msikilizaji, kisichodanganya.

Mbegu yake ilitoka kwenye utafiti mwingine kabisa. Kina H. D. Harwood wa idara ile ya utafiti ya BBC walikuwa wakijenga vielelezo vidogo vya studio, sehemu moja ya nane ya ukubwa halisi, ili wajue mwangwi wa ukumbi kabla hawajamwaga zege. Ndani ya vielelezo hivyo walihitaji vispika vidogo vya kupimia, na kimoja kati yake kikawashangaza kwa uzuri wa sauti yake. Spika ya magari ikajengwa juu ya uzoefu huo. Zilitengenezwa chache za kwanza. Halafu vipaza vya ndani ya kasha, vilivyonunuliwa baadaye kutoka kiwanda cha KEF, vikaonekana havifanani tena na vile vya mwanzo. Hapo wengi wangefumba macho, maana tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Wao wakaichukua spika nzima wakaisanifu upya, na ndiyo sababu ya ile herufi A. Ripoti ya BBC inayoeleza muundo huo ilitoka mwaka 1976, na nimeisoma mara nyingi kuliko riwaya yoyote niliyo nayo.

Kinachonivuta ni jinsi walivyochagua cha kuacha. Kasha la ujazo ule haliwezi kutoa besi ya chini kabisa, na kipaza cha sentimita 11 za koni hakiwezi kujaza ukumbi. Mtengenezaji mwenye haraka hulazimisha: hutoboa tundu la kutolea hewa mbele, akavimbisha besi, akachongoa sauti za juu, na dukani spika yake inang'ara kwa dakika tano. Watu wa BBC walikubali kuikosa besi ya chini, wakakubali na kutopiga kwa nguvu. Nguvu zao zote wakaziweka katikati, pale ambapo sauti ya mwanadamu, fidla na udi huishi.

Na pale katikati hawakuacha kitu. Chukua kasha. Akili ya kawaida husema kasha zuri ni nene, zito, lisilotikisika. Utafiti wao ulionyesha kwamba ukuta mnene hautulii. Mtikisiko wake unapanda tu, ukahamia kwenye masafa ambayo sikio ni kali zaidi. Wakatumia plaiwudi nyembamba, milimita 12, wakaibandika kwa ndani mabamba mazito yenye lami, ili mtikisiko ushuke chini na ufe upesi. Ukiligonga kasha langu kwa kifundo cha kidole linajibu "du" fupi, kavu, kama unagonga nazi iliyojaa nyama. Pembeni mwa kipaza kidogo cha juu, ambacho kuba lake lina milimita 19 tu, wamezungusha mikanda minene ya sufu iliyoshindiliwa, kwa sababu sauti nyembamba hutambaa juu ya ubao, ikafika ukingoni, ikaruka na kurudi kuvuruga iliyotangulia. Hata kitambaa cha mbele kimo kwenye hesabu. Spika ilipimwa nacho kikiwa mahali pake, na ukikivua ili ipendeze kwa wageni, unasikiliza spika nyingine.

Halafu kuna ubao wa kugawanya masafa, ule unaopeleka sauti nene kwa kipaza kikubwa na nyembamba kwa kidogo, mpaka ukiwa karibu na hezi 3,000. Siku moja Mzee alinifungulia spika yangu moja ili akague kapasita. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi koili yenye matawi kadhaa, waya mmoja ukiwa umelehemiwa kwenye tawi moja tu. Vipaza havitoki kiwandani vikiwa pacha. Kimoja hupiga juu kidogo, kingine chini kidogo. Kwa hiyo kila spika ilipopimwa, mtu aliyekuwa mezani alichagua tawi linaloilinganisha na kielelezo, akalehemu hapo. Kazi ya mkono, spika moja baada ya nyingine. BBC ilitaka fundi wa sauti anayehama gari moja kwenda jingine asikie kitu kile kile, na viwanda vilivyopewa leseni, kina Rogers, Chartwell, Spendor na wenzao, vilibanwa na sharti hilo.

Mzee aliitazama ile nukta ya risasi kwa muda mrefu. "Huyu hakuwa na haraka," akasema, akaanza kurudisha skrubu.

Ukoo wa spika hizi una kitu cha kifamilia ambacho nakipenda. Spencer Hughes alipoiacha BBC na kuanzisha kiwanda chake, aliunganisha jina lake na la mkewe Dorothy, ikawa Spendor. Harwood naye mwaka 1977 aliunganisha lake na Elizabeth la mkewe, ikawa Harbeth. Na Raymond Cooke aliyeanzisha KEF mwaka 1961 naye alikuwa amepitia BBC. Watu wachache, waliopitia shirika moja.

Sasa, spika isiyopiga kwa nguvu ikiletwa Upanga usiku, udhaifu wake unageuka kuwa sifa. Lakini inahitaji mwenzi, na hapo ndipo nilipopoteza pesa.

Niliambiwa na muuzaji kwamba spika ngumu kama hizi zinataka amplifaya kubwa, nikanunua ya wati 100 kwa kila upande, mpya, nzito, yenye taa za buluu. Mchana nilipoifungulia ilikuwa na nguvu za kutosha kumwita jirani. Usiku ikawa taabu. Nikiwa nimekizungusha kitufe upana wa ukucha tu, sauti tayari ni kubwa mno. Nikirudisha kidogo, mwimbaji anahama kutoka katikati na kwenda kusimama kwenye spika ya kushoto. Nikishusha zaidi, spika ya kulia inazimika kabisa. Na wimbo ulipokwisha, palibaki "shshsh" hafifu ambayo mchana huisikii, lakini saa tano usiku ni kama mtu amesahau kufunga bomba jikoni.

Nikaibeba mpaka Kariakoo. Mzee hakuifungua kwanza. Alichukua kipande cha karatasi, akaanza kunipigia hesabu, na hesabu ile imebadilisha namna ninavyoitazama amplifaya yoyote.

LS3/5A ni spika nzito kuamka. Ukiipa volti 2.83 hutoa desibeli 82 au 83 hivi kwa umbali wa mita moja, wakati spika nyingi za rafu za siku hizi hutoa 86 au 88. Lakini kwa ukinzani wa omu 15, volti hizo ni sawa na nusu wati tu. Mimi hukaa mita mbili na nusu kutoka spika zilipo. Ondoa kinachopotea kwa umbali huo, ongeza spika ya pili na msaada wa kuta za chumba, halafu uliza: kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, desibeli 60 na kidogo, kila spika inatumia umeme kiasi gani? Inatumia takriban sehemu moja ya mia ya wati. Mwimbaji akipaza ghafla, desibeli 15 au 20 juu ya wastani wake, mahitaji yanapanda mara 30 hadi mara 100. Na hata hapo, kwa kishindo kikubwa kuliko vyote usiku ule, wati moja bado haijavukwa.

"Umenunua wati 100," Mzee akasema, "na wewe unaishi kwenye ile ya kwanza. Hukuniuliza ya kwanza ikoje."

Wati ya kwanza ndiyo ngumu kuitengeneza vizuri. Amplifaya nyingi za transista hufanya kazi kwa zamu: transista moja husukuma nusu ya juu ya wimbi, nyingine huvuta nusu ya chini, na mahali pa kupokezana ni pale wimbi linapopita sifuri. Kupokezana kukiwa na pengo, wimbi linachubuka hapo hapo. Kwa sauti kubwa mchubuko huo ni kitu kidogo pembeni ya wimbi kubwa. Kwa sauti ndogo wimbi zima linaishi karibu na sifuri, na mchubuko unakuwa sehemu yake kubwa. Ndiyo maana amplifaya inayotangazwa kuwa safi kwa wati 80 inaweza kukwaruza kwa sehemu ya mia ya wati, na namba iliyoandikwa kwenye karatasi haitakwambia hilo.

Tiba yake ni kuziacha transista zote mbili zikiwa macho kidogo muda wote, zikipitisha mkondo mdogo hata pasipo muziki. Mkondo huo ukizidi, chombo kinachemka. Ukipungua, pengo linafunguka. Nimemwona Mzee akiuweka. Anaiwasha amplifaya, anaiacha ipate joto nusu saa bila kuigusa, kwa sababu transista baridi hutoa kipimo cha uongo. Kisha anashika mita mkono wa kushoto na bisibisi ndogo mkono wa kulia, anazungusha kirekebishi kwa kiasi ambacho jicho halioni kama kimezunguka, anasubiri, anatazama milivolti, anazungusha tena. Upande wa kushoto, halafu wa kulia, halafu anarudi wa kushoto kwa sababu joto la wa kulia limeusogeza. Inachukua saa nzima, na ukimaliza kutazama hakuna kitu cha kuonyesha mtu.

Ile "shshsh" nayo inatokana na hatua za mwisho za amplifaya, zilizo baada ya kitufe cha sauti, kwa hiyo ukipunguza sauti haipungui. Hapa uvivu wa spika yangu ni baraka. Spika ya desibeli 95 ingeuleta uvumi huo wazi kabisa masikioni, na hii ya 83 inaumeza sehemu kubwa. Anayechagua spika kwa ajili ya usiku asiione namba ndogo ya desibeli kama kasoro.

Na mwimbaji aliyehama? Nyuma ya kitufe kimoja kuna njia mbili za kaboni, ya kushoto na ya kulia, na mwanzoni kabisa mwa mzunguko njia hizo mara chache hulingana. Kicheza CD hutoa volti 2. Amplifaya ile ilikuwa ikizizidisha karibu mara 30. Hakuna namna ya kusikiliza kwa utulivu isipokuwa kubaki pale pale kwenye ukingo mbovu wa kaboni. Wenye amplifaya za miaka ya 1960 na 1970 hukutana na tatizo hilo kwa ukali zaidi, kwa sababu zilisanifiwa kabla ya CD, kwa vyombo vilivyotoa sehemu ndogo tu ya volti. Mzee alinitengenezea waya mbili zenye rezista ndani ya plagi, zinazogawa volti kwa kumi. Kitu cha bei ya soda. Kitufe kikapanda mpaka katikati, pale njia mbili zinapolingana, na mwimbaji akarudi mahali pake.

Lakini uvumi na ule ukwaruzaji havikutibika. Mwishowe niliiuza amplifaya ile mchana kweupe kwa kijana mwenye ukumbi wa sherehe, ambaye anaifurahia hadi leo, na Mzee akanitafutia ya zamani ya wati 30 hivi, akabadilisha kapasita zilizochoka, akaweka mkondo wa mapumziko kwa ile saa nzima niliyoieleza. Kabla ya kunikabidhi hakuniwekea wimbo. Aliunganisha spika, akafungua sauti mpaka mwisho bila chombo chochote kucheza, akaniita nisogeze sikio kwenye kipaza cha juu. Nilisikia magari ya Mtaa wa Msimbazi.

Sitaki mtu aelewe kwamba amplifaya ni uchawi. Mwaka 1978 James Moir, mhandisi wa sauti wa Uingereza, aliwakusanya wasikilizaji wazoefu wakalinganisha amplifaya tatu za Quad: Quad II ya valvu, 303 ya transista na 405 iliyokuja baadaye. Hawakuweza kuzitofautisha kwa namna inayosimama kihesabu. Peter Walker, aliyekianzisha kiwanda hicho, aliamini kwamba amplifaya zilizotengenezwa sawasawa na zisizolazimishwa kupita uwezo wake zitafanana, naye hakuona haya kusema hivyo huku akiuza amplifaya. Namheshimu kwa hilo. Ila sharti lake ni zito: zilizotengenezwa sawasawa. Zilizokosewa hutofautiana, na nyingi hukosewa pale chini, kwenye kimya, mahali ambapo muuzaji hakupeleki.

Kwenye kuoanisha, namba ya ukinzani nayo huwachanganya watu. Spika iliyoandikwa omu 8 huweza kushuka hadi 4 au chini yake katika masafa fulani, na amplifaya dhaifu hutetereka hapo. Omu 15 za zile za zamani, au 11 za toleo lililofuata mwishoni mwa miaka ya 1980, haziombi mkondo mkubwa. Amplifaya ya kawaida hufanya kazi bila kukunja uso, na hata waya mrefu hauziumizi. Amplifaya ya valvu ni habari nyingine kidogo. Haishiki spika kwa nguvu kama ya transista, kwa hiyo ukinzani wa spika unapopanda na kushuka, sauti nayo hufuata. Wengine hupenda ulaini huo. Mimi nimeusikia nyumbani kwa rafiki, nikaupenda kwa jioni moja.

Sikio nalo lina tabia yake. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikipungua, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Wimbo ule ule unaonenepa saa kumi jioni hukonda saa tano usiku, na kosa si la chombo. Wasanifu wa LS3/5A waliacha uvimbe mdogo katika besi ya juu, kidogo zaidi ya hezi 100, ambao kwa sauti ndogo unaipa sauti ya kiume kifua chake bila kuvimba. Amplifaya za zamani nyingi zina kitufe cha kuongeza besi kwa kadiri sauti inavyoshuka. Sikitumii, kwa sababu kinakisia kwa kutazama kitufe cha sauti kilipo, na hakijui spika yako ni nyepesi au nzito. Nazungusha besi hatua moja ndogo kwa mkono, basi.

LS3/5A za zamani sasa zinauzwa bei ambayo siwezi kumshauri mtu mwenye ada za shule, na zile zinazotengenezwa upya nazo si za bei ndogo. Ila anayetafuta spika ndogo yoyote kwa ajili ya usiku anaweza kutafuta kwa njia ile ile. Aende dukani na rekodi ya mtu anayezungumza, mwanamume mwenye sauti nzito ikiwezekana, maana huyo ndiye anayefichua kasha linaloimba. Aombe ishushwe mpaka kiwango cha mazungumzo, na akikataliwa atoke. Kisha ashushe tena nusu. Spika nyingi huporomoka hapo: irabu zinabaki, konsonanti zinazama, na unajikuta unataka kuongeza. Iliyo nzuri inapungua yote kwa pamoja, kama mtu anayerudi nyuma hatua mbili bila kugeuza uso. Mimi hupendelea kasha lililofungwa kuliko lenye tundu, kwa sababu besi yake hushuka polepole, na linavumilia kukaa karibu na ukuta, jambo ambalo katika sebule za mjini si la hiari.

Ninazozitumia mwenyewe ni kaseti za Sheikh Abdul Basit Abdus Samad akisoma Kurani, zilizokuwa nyumbani kwetu tangu nikiwa mdogo. Pumzi yake ni ndefu kiasi kwamba ukimya kati ya aya unakuwa sehemu ya usomaji, na amplifaya yenye uvumi huujaza ukimya huo. Halafu huweka Siti binti Saad. Santuri zake za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, na hazina besi ya chini wala sauti za juu kabisa. Kilichokamatwa ni ile katikati tu. Kwenye mitambo mikubwa ya sherehe husikika kama kelele ya mbali. Kwenye spika hizi, ambazo waliozitengeneza walitoa kila kitu kwa ajili ya katikati, mikwaruzo ya santuri inakaa mbele kama pazia, naye anasimama nyuma yake akiwa mzima, na unasikia anapoikaribia pumzi inayofuata.

Nafikiri wakati mwingine juu ya wazee wetu walioikaribisha Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza tarehe 27 Juni 1957. Sauti za wasomaji wale zilifika huku kwa masafa mafupi, zikipanda na kuzama kama mashua, na watu walibandika masikio redioni wasipoteze neno. Upande zilikotoka kulikuwa na shirika lililoajiri watu wa kuuliza, mwaka baada ya mwaka, kama sauti ya msomaji bado ni yake mwenyewe.

Mara ya mwisho Mzee alikuja Upanga kwa chakula cha jioni. Baada ya kunawa mikono aliomba azisikilize spika mahali zinapoishi. Tukatafuta taarifa ya habari. Alisimama, akaisogeza ya kushoto mbele kwa upana wa vidole viwili kutoka ukutani, akarudi kwenye kiti changu, akasikiliza. Akaenda tena, akairudisha kwa kidole kimoja. Akageuza ya kulia kidogo ikielekee kiti. Msomaji wa habari, aliyekuwa ameegemea kidogo upande, akaja akakaa katikati ya zile spika, kwenye nafasi tupu juu ya meza ya chini, kwa kimo cha mtu aliyeketi. Mke wangu, aliyekuwa akitoka jikoni na birika, alisimama mlangoni akaitazama nafasi ile.

Mzee akaniomba utepe wa gundi. Akapiga magoti taratibu, kwa umri wake, akabandika kipande kwenye kila pembe ya miguu ya vistendi, vipande vinane, akivilainisha kwa kidole gumba kimoja kimoja. Vipo hadi leo, na anayefagia sebule amekwisha zoea kuvipita.